Damu imerudi, mkojo unanitoka, na kila siku nakandwa kwa maji ya moto: je, mwili wangu utarudi?

SWALI: Shikamoo Sista. Nina umri wa miaka 27. Siku 24 zilizopita nilijifungua mtoto wangu wa kwanza katika hospitali moja ya Arusha, kwa njia ya kawaida, nikachanika na kushonwa. Baada ya wiki moja mume wangu alinileta Kibosho kwa mama yake ili nilelewe uzazi. Mama mkwe ananipenda na ananihudumia sana, ila kila asubuhi na jioni ananikanda tumbo kwa maji ya moto mpaka nalia, kisha ananifunga kanga kwa nguvu ili damu chafu itoke na tumbo lirudi. Siku ya 20 damu ilikuwa imekauka. Nikafua nguo za mtoto na kubeba ndoo ya maji, na kesho yake damu ikarudi, nyekundu. Nikikohoa mkojo unanitoka, na haja kubwa naiogopa nisije nikaachia nyuzi. Je, mwili wangu utarudi? Na nimwambieje mama mkwe bila kumvunja moyo?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa uzazi. Nitaanza na damu, kwa sababu katika yote uliyoniandikia hiyo peke yake ndiyo haiwezi kusubiri ufike mwisho wa jibu hili. Ikiwa pedi inalowa yote ndani ya saa moja, au yanatoka mabonge makubwa kama yai, au damu inanuka vibaya, au una homa, tumbo la chini linauma, moyo unakwenda mbio au unaona kizunguzungu ukisimama, weka simu chini na uende hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku. Huko uliko Kibosho kuna hospitali, na mkishuka Moshi mjini kuna Mawenzi na KCMC. Damu ya namna hiyo katika wiki ya nne inaweza kumaanisha kwamba kipande cha kondo la nyuma kilibaki ndani au kwamba mfuko wa uzazi umepata maambukizi, na yote mawili hutibika vizuri mama akiwahi.

Ikiwa ni damu kidogo isiyo na harufu, nayo inapungua ukilala na kupumzika kwa siku moja, hapo mwili umekujibu tu kuhusu ile ndoo. Kondo la nyuma linapong'oka linaacha jeraha ndani ya mfuko wa uzazi lenye upana kama wa kiganja cha mkono, na jeraha hilo huchukua takriban wiki 6 kufunga. Kwa sababu halionekani, watu husahau kwamba lipo. Mama anayetembea na jeraha la ukubwa huo mguuni asingetumwa maji na mtu yeyote, lakini likiwa ndani, ukishaacha kuchechemea, kila mtu anaona umepona, na wewe mwenyewe unajiona umepona. Kwa kawaida damu huwa nyekundu kwa siku 3 au 4 za kwanza, kisha inafifia kuwa ya waridi au kahawia, halafu inakuwa majimaji ya manjano meupe yanayoweza kuendelea hadi wiki ya 4, kwa wengine hadi ya 6. Inaweza kukatika na kurudi kidogo. Ikirudi nyekundu baada ya kazi nzito, punguza kazi, na kama haijapungua baada ya siku moja ya mapumziko ya kweli, nenda ukapimwe hata kama hujisikii mgonjwa.

Kwa hiyo, hiyo tunayoiita damu chafu si uchafu uliogoma kutoka. Ni damu ya jeraha linalopona, pamoja na utando wa mfuko wa uzazi unaojivua, nayo hutoka yenyewe bila kusukumwa na mtu. Mfuko wa uzazi mara tu baada ya kujifungua una uzito wa karibu kilo 1, na ukiweka mkono tumboni unaukuta umefika usawa wa kitovu, mgumu kama embe bichi. Kila siku unashuka karibu upana wa kidole kimoja. Baada ya wiki mbili hivi mkono hauupati tena kwa juu, kwa kuwa umeingia ndani ya nyonga, na ikifika wiki ya 6 unakuwa na uzito usiofika gramu 100. Kinachoufanya urudi ni homoni inayoitwa oksitosini, ambayo mwili unaitoa kila mtoto anaponyonya, na ndiyo sababu siku zile za mwanzo ulisikia chango linakubana mara tu mtoto alipoanza kuvuta ziwa. Mtoto wako, bila kujua, anaifanya kazi ambayo mama mkwe wako anadhani anaifanya kwa taulo la maji ya moto, na anaifanya vizuri zaidi.

Sasa nizungumze wazi kuhusu huko kukandwa, kwa sababu nimeona madhara yake kwa macho yangu. Miaka kadhaa iliyopita niliwahi kumpokea mama kijana aliyeletwa kutoka vijiji vya juu kwa ajili ya homa. Nilipofungua kanga aliyofungwa, nilikuta ngozi ya chini ya kitovu ina malengelenge, mengine yamepasuka na kushikana na kitambaa, ikabidi tukilowanishe taratibu kwa maji safi ya dawa mpaka kiachie. Hakuwa amelalamika nyumbani, kwa sababu alikuwa ameambiwa kwamba mzazi anayekataa maji ya moto ni mvivu wa kupona. Ngozi ya tumbo iliyotanuka kwa miezi 9 inaweza kuwa na ganzi kidogo, isikuonye mapema kwamba inaungua. Tena maji ya moto sana hutanua mishipa ya damu, na mama aliyepungukiwa damu anaweza kuzimia palepale. Kwa aliyejifungua kwa upasuaji, kukandwa juu ya mshono ni hatari zaidi, maana kidonda kinaweza kufumuka au kuingiwa na vijidudu. Kukalia maji ya moto au mvuke wa majani kunaunguza msamba uleule uliotoka kushonwa. Uliandika kwamba unakandwa mpaka unalia. Matibabu ya mzazi hayatakiwi kumliza, na hilo peke yake linatosha kusema yaishe.

Sisemi kwamba maji ya vuguvugu ni mabaya. Oga maji ya vuguvugu, mama akukande mgongo, mabega na miguu kwa kitambaa chenye joto ambalo yeye mwenyewe anaweza kulivumilia kwenye upande wa ndani wa mkono wake, na matiti yakijaa na kuuma akuwekee kitambaa hicho kabla ya kunyonyesha. Mama anayenyonyesha akiwa ameinama anaumwa mgongo wa juu kuliko anavyotaka kukiri, na hapo mikono ya mama mkwe inatibu kwelikweli. Kuhusu kanga, kujifunga kwa wepesi ili tumbo lisining'inie unapotembea hakuna ubaya. Ikifungwa kwa nguvu mpaka pumzi inakuwa fupi, ule mkandamizo hauna pa kwenda ila chini, kwenye msamba uliochanika na kwenye misuli inayoshika kibofu, yaani pale pale unaponiambia pamelegea. Tumbo limebaki kubwa kwa sababu misuli yake ya mbele iliachana katikati kupisha mtoto. Kwa wengi inasogeleana yenyewe katika miezi miwili ya kwanza, na inachohitaji ni muda, kulala kwa ubavu kwanza kabla ya kuinuka kitandani, na kutobeba kitu kizito kuliko mtoto.

Kuhusu mkojo nataka nikae kidogo, kwa kuwa hapa ndipo akina mama wengi wanaponyamaza. Kliniki mama ananijibu kwamba hana tatizo lolote, kisha anapoinuka kwenye benchi naona amekunja kitenge mara nne chini yake. Misuli iliyo sakafuni mwa nyonga, inayobeba kibofu, mfuko wa uzazi na njia ya haja kubwa, imetanuliwa mno wakati wa kupitisha kichwa cha mtoto, na ikiwa bado imelegea, kikohozi kidogo kinatosha kuushinda mlango wa kibofu. Ni jambo la kawaida sana katika wiki hizi. Lakini si jambo la kuzoea, kama ambavyo mama zetu walizoea wakaacha kwenda kanisani na harusini kwa sababu ya harufu, ilhali misuli hiyo hufundishika kama misuli mingine yoyote. Kulelewa uzazi kunakupa muda wa kupona, na huo ni utajiri, ila kwa misuli hii muda peke yake mara nyingi hautoshi. Inabidi uifanyishe kazi.

Fanya hivi. Kaa kwenye kigoda au ukingo wa kitanda, miguu yote chini, mabega yamelegea. Kaza misuli ya njia ya haja kubwa kana kwamba unazuia hewa isitoke mbele ya watu, kisha endeleza ule mkazo kuja mbele kana kwamba unazuia mkojo, na uvute vyote kwenda juu. Tumbo lisikakamae, makalio yasibane, na usizuie pumzi. Ikiwa unainuka kwenye kigoda, ujue umekaza makalio badala ya misuli yenyewe. Shikilia kadiri unavyoweza, hata sekunde 3 tu kwa kuanzia, achia kabisa, pumua, rudia. Lengo ni kufika kushikilia sekunde 10, mara 10, kisha kukaza na kuachia haraka haraka mara 10, na kufanya mzunguko huo mara 3 kwa siku. Njia rahisi ya kukumbuka ni kufanya kila unapomweka mtoto ziwani, baada ya kuwa ameshika vizuri. Na kabla hujakohoa au kupiga chafya, wahi kukaza. Usifanye zoezi hili huku unakojoa, maana kukatakata mkojo mara kwa mara kunakizoeza kibofu kutokumaliza. Usitegemee mabadiliko ndani ya wiki moja, wengi huanza kuyaona baada ya wiki kadhaa. Ukifikisha miezi 3 bado mkojo unakutoka, omba rufaa kwa mtaalamu wa fiziotherapia.

Kuna aina nyingine ya kutokwa na mkojo ambayo haisubiri zoezi lolote. Mkojo ukiwa unatiririka mfululizo, umelala au umesimama, bila kukohoa wala kusikia haja, au ukiona kinyesi au hewa inapita mbele, huenda ni fistula, yaani tundu kati ya uke na kibofu au njia ya haja kubwa, hasa kwa mama aliyekaa na uchungu muda mrefu. Nenda hospitali mara moja, kwa sababu tundu dogo likigunduliwa mapema linaweza kuziba kwa kuwekewa mpira wa mkojo tu, bila upasuaji. Wewe hukunieleza dalili hiyo, ila najua atakayesoma jibu hili hatakuwa wewe peke yako.

Nyuzi hazitaachia kwa sababu ya haja kubwa. Kwa siku 24, nyuzi za kawaida za msamba ama zimeshayeyuka au ziko mbioni, na nyama imeshashikana. Kinachodhuru ni kujizuia, kwa sababu choo kinakauka na kuwa kigumu, kikija kinauma, na maumivu yanakuongezea woga wa kesho. Haja ikikuita, itikia palepale. Weka miguu juu ya kitu kifupi ili magoti yapande kuliko nyonga, egemea mbele, na kwa mkono mmoja shikilia kitambaa safi kilichokunjwa juu ya msamba, ukiusukuma taratibu kuelekea ndani. Utashangaa jinsi woga unavyopungua kwa kushikilia tu. Osha msamba kwa maji safi ya kawaida kutoka mbele kwenda nyuma kila umalizapo haja, kausha kwa kugusagusa bila kusugua, badilisha pedi au kitambaa kila baada ya saa 4 hivi, na usiweke chumvi, dawa kali ya kusafishia vidonda wala majani yoyote. Maumivu yakisumbua, paracetamol inafaa kwa mama anayenyonyesha. Msamba ukivimba, ukitoa usaha au ukauma zaidi leo kuliko juzi, uonyeshe kwa mkunga.

Chakula cha uzazi cha Uchagani kina akili nyingi na sitaki ukiache. Mtori una ndizi, nyama na mafuta, unashuka kooni bila kazi hata kama huna hamu, na maziwa yana faida yake. Kinachokosekana mara nyingi ni mboga za majani, matunda na maji ya kunywa, na ndiyo sababu choo kinakuwa kigumu. Mwombe mama mnafu, maharage, papai na parachichi, ambavyo kwenye mashamba hayo ya kihamba havikosekani, na uwe na kikombe cha maji pembeni kila unaponyonyesha. Kisusio, yaani supu ya damu ya mnyama, kinaongeza damu kweli, mradi kimeiva kabisa na mnyama alipimwa. Vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa hospitalini endelea navyo, kwa kawaida kwa wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, na usivimeze na chai wala maziwa, kwani hivyo vyote hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ikiletwa ili maziwa yatoke, ikatae kwa adabu. Kilevi kinapita kwenye maziwa hadi kwa mtoto, na maziwa yanaongezeka kwa mtoto kunyonya mara nyingi.

Mapumziko nayo yasiwe ya kulala tu. Katika wiki hizi za mwanzo damu ya mzazi huganda kwa urahisi zaidi kuliko wakati wowote wa ujauzito, na mama anayekaa kitandani kutwa nzima anaikaribisha igande kwenye mishipa ya miguu. Tembea kibarazani, zunguka nyumba mara kadhaa kwa siku, ota jua la asubuhi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, au kifua kikabana na pumzi ikakata ghafla, hiyo ni dharura. Vivyo hivyo kichwa kinachouma sana pamoja na macho kuona ukungu, kwa sababu kifafa cha mimba kinaweza kuja hata baada ya mtoto kuzaliwa. Na majonzi, ambayo hukuyataja: machozi ya wiki mbili za kwanza huwapata wengi na hupita, lakini yakiendelea zaidi ya hapo, au ukijikuta humtaki mtoto au huoni sababu ya kuishi, mwambie mtu siku hiyohiyo na uje kliniki.

Nywele zikianza kukatika kuanzia mwezi wa tatu, usihangaike kutafuta mafuta ya bei, zitarudi. Tendo la ndoa lisubiri hadi damu ikauke kabisa na msamba usiume ukiugusa, ambapo kwa wengi ni baada ya wiki 6, na ujue kwamba mimba inaweza kuingia kabla hujaiona hedhi ya kwanza.

Sasa mama mkwe. Naomba umtazame kwa jicho hili: wazee wa mlimani walimpa mzazi miezi mitatu ya kulishwa na kutobeba kitu, na sheria ya ajira ya nchi yetu imempa mama aliyeajiriwa siku 84, karibu hesabu ileile. Mama mwenye meza ya nyanya sokoni Kilombero au Mbuyuni hana wa kumpa hata wiki mbili. Wewe unaye, na usiipoteze zawadi hiyo kwa ajili ya ugomvi wa taulo. Usimwambie kwamba anakosea, na usimtume mume wako amkataze kwa simu kutoka Arusha, kwani ataona umemshitaki kwa mwanawe. Chagua saa ambayo anamwogesha mtoto, anapokuwa amefurahi, umwambie hivi: "Mama, nashukuru unavyonilea, hata mama yangu mzazi asingefanya zaidi. Damu imerudi na nimeogopa, na mkunga amesema jeraha la ndani bado ni bichi, maji ya moto na kufungwa kwa nguvu tuyaache. Naomba unikande mgongo kwa maji ya vuguvugu, ndipo panaponiuma zaidi." Hapo hujamnyang'anya kazi yake, umeihamisha tu kutoka tumboni kwenda mgongoni. Akisita, mwombe akusindikize kwa mkunga mkasikie pamoja. Nimeona wakwe wengi waliokuja wamenuna wakaondoka wakiwa walinzi wakali wa mzazi kuliko sisi wauguzi, hata ndoo tupu hawamruhusu kuigusa.

Umeniuliza kama mwili utarudi. Mfuko wa uzazi utarudi, jeraha litafunga, msamba utaacha kuuma, na mkojo kwa mazoezi una nafasi kubwa ya kutulia. Tumbo linaweza kubaki laini na lenye michirizi, nalo ni tumbo zima. Ukihesabu kuanzia siku uliyoniandikia, zimebaki siku 18 kufika siku ya 42, ambayo ni siku ya kurudi kliniki. Siku hiyo mtoto anapimwa uzito na kupata chanjo zake za wiki 6, na mara nyingi mama anageuka kuwa mbeba kadi tu. Usiondoke bila na wewe kupimwa. Mwambie mkunga kwa sauti: nilichanika na kushonwa, damu ilirudi siku ya 21, mkojo unanitoka nikikohoa. Kisha umwombe akupime presha na wingi wa damu, aangalie msamba, na akueleze njia za uzazi wa mpango zinazomfaa anayenyonyesha. Akikuambia kwamba mambo hayo ni ya kawaida kwa kila mzazi, mjibu kwa heshima kwamba unajua, na kwamba bado unaomba akuangalie.